Bangili Zilizopimwa kwa Mkono Wangu

Kuna harufu ambayo ikinifikia popote nilipo, jambo la kwanza ninalofanya ni kutazama nani anaficha nini. Ni harufu ya nyaya za umeme zinazochomwa ili plastiki iyeyuke na shaba ibaki. Juzi fundi mota aliyepanga fremu jirani na nyumba yangu hapa Shinyanga aliwasha moto wake nyuma ya ukuta. Moshi mweusi ukaingia jikoni, nami nikaacha mchicha kwenye ungo nikaenda moja kwa moja chumbani kuhakikisha kwamba kopo bado liko chini ya kitanda. Lilikuwepo. Lingekwenda wapi? Lakini mimi ndivyo nilivyo. Mume wangu husema mtu akinisalimia habari za asubuhi, najiuliza kwanza anataka nini.

Wenzangu mliokulia machimboni mnajua kwamba kwetu kushuku hakukuwa tabia mbaya, kulikuwa malezi. Kijiji chetu kilikuwa cha wachimbaji wadogo, upande wa Bukombe, mwendo wa saa mbili kwa baiskeli kutoka Runzewe. Pale mtu akicheka sana kwa wiki moja, watu walisema ameokota dhahabu. Akinyamaza, basi ameokota zaidi. Akiezeka bati, ana mganga wake mahali. Lisemwalo lipo, walisema wakubwa, na kama halipo laja, nasi watoto tukakua tukilisubiri. Tulijifunza kutazama mifuko ya watu kabla ya nyuso zao.

Baba alikuwa fundi wa karasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Mota ya karasha ilipoungua, yeye ndiye aliyeifungua na kuisuka upya, na waya wa zamani, ule mwembamba mwekundu unaojaa tumboni mwa mota, aliuleta nyumbani kwa mama. Mama alitengeneza mapambo. Akishatoka shambani na kuosha miguu, alitandika kipande cha turubai ukumbini na kumwaga mali zake zote: shanga za mnadani, vifungo vya mashati yaliyokwisha kuwa matambara, mbegu nyekundu zenye doa jeusi ambazo tulikatazwa kuzitia mdomoni, vizibo vya soda alivyovigonga kwa jiwe mpaka vikawa bapa, mshipi wa kuvulia samaki uliotoka ziwani. Kandambili zilizotupwa alizikata kwa wembe zikawa visahani vidogo vya buluu na kijani, akavitunga katikati ya shanga, na usingejua kwamba kile kilichoning'inia sikioni mwako kilishawahi kukanyaga tope. Nyaya alizikunja kwa plaizi yenye mpini uliofungwa mpira wa baiskeli, kisha akazisugua kwa majivu na ndimu. Zikishang'aa, mgeni angeapa kwamba ni dhahabu.

"Ni shaba ya mota, mayu," aliwaambia wanawake waliokuja kununua, akiwaita mama kwa Kisukuma. "Usije ukasema Mama Kulwa amekudanganya."

Hakumdanganya mteja hata mmoja. Ndiyo maana nilipogundua kwamba mimi ananificha jambo, iliniuma sana.

Nyumbani tulikuwa watoto wawili, kaka yangu Kulwa na mimi. Yeye alikuwa na miaka kumi, mimi minane. Kazi yake ilikuwa kuokota kandambili zilizotupwa huko kwenye mashimo ya zamani na kuchoma nyaya nyuma ya nyumba kwa fimbo ndefu, akihama kila upepo ulipogeuka. Kazi yangu ilikuwa kutenganisha shanga kwa rangi. Na nilikuwa na kazi nyingine ambayo sikuomba.

"Shija, lete mkono," mama alikuwa akisema.

Nilikunjua mkono wangu wa kulia. Alizungusha uzi kwenye kiganja, pale panapokuwa panene bangili inapopita, akaongeza upana wa kidole chake kimoja, akaukata uzi kwa meno. Kisha alikata waya kwa urefu wa ule uzi. Mara ya kwanza ninayoikumbuka nilifurahi mpaka nikakosa usingizi, maana alitengeneza bangili nzuri kuliko zote alizowahi kupeleka sokoni: shaba iliyosokotwa, shanga tatu za buluu, kifungo cheupe katikati, shanga tatu nyingine za buluu. Nikasubiri nivalishwe. Siku tatu zikapita.

"Mama, ile bangili iko wapi?"

"Bangili ipi?"

"Ile uliyonipima."

"Nimekupima tu. Sikusema ni yako," akajibu, akaendelea kuparua magamba ya sato.

Mimi nilivaa masalia. Shanga zilizobaki, moja ya njano, mbili za kijani, mbegu iliyopasuka, hayo ndiyo yaliyokuwa mapambo yangu. Nikaanza kuchunguza, na mtoto wa machimboni akichunguza huchunguza kweli. Niligundua kwamba mama haniiti nilete mkono hovyohovyo. Kulwa akinunuliwa shati, mama anasema Shija lete mkono. Kulwa akiletewa viatu vya shule, Shija lete mkono. Baba alipomchongea Kulwa gari la mbao lenye magurudumu ya vizibo, kesho yake nikapimwa. Na kila bangili, ikishakamilika, haikuonekana tena, si sokoni wala mkononi mwa mtu. Hapa kuna msichana, nikawaza. Kuna msichana mwenye mkono kama wangu ila mkubwa kidogo, mkubwa kwa upana wa kidole kimoja.

Na jina lake nililijua. Kwetu Usukumani majina ya mapacha hayatafutwi: anayetangulia ni Kulwa, anayefuata ni Doto, na mtoto anayezaliwa baada yao ni Shija. Kwa hiyo jina langu lenyewe lilikuwa linatangaza kila nilipokwenda kwamba kwetu kuna watoto watatu. Shuleni hawakuniacha. "Kulwa tunamwona, na wewe tunakuona. Doto mmemweka wapi?" Msichana mmoja aliyekaa dawati la mbele aliwahi kuninong'oneza kwamba baba yangu alimtoa Doto kwa mganga ili apate dhahabu. Nililia, lakini hata katikati ya kilio nilipiga hesabu zangu: baba alikuwa na suruali mbili na redio isiyoshika stesheni. Kama ndivyo, basi mganga alimtapeli.

Siku moja nikamuuliza mama. Aliweka plaizi chini, kisha akaichukua tena.

"Habari za mabasa haziulizwi na mtoto," akasema.

Mabasa ni mapacha. Baba nilipomuuliza alisema, "Muulize mama yako," akatoka nje ingawa mvua ilikuwa inanyesha. Basi, watu wazima wawili, swali moja, na hakuna anayethubutu kulijibu. Kikulacho ki nguoni mwako, nikajiambia.

Likizo ilipofika, mama akanichukua kwenda Runzewe siku ya mnada nikamsaidie kubeba. Tulitandika turubai letu karibu na wauza dagaa. Saa nne hivi mama aliniambia nikae na bidhaa, akaenda kwa mama mmoja aliyekuwa na gunia la dagaa na binti yake. Yule binti alikuwa na gauni la njano na alinizidi kimo kidogo. Akainua mkono kufukuza nzi, nami nikaona. Shaba iliyosokotwa, shanga tatu za buluu, kifungo cheupe, shanga tatu za buluu.

Mama alichuchumaa mbele yake, akaushika ule mkono, akaizungusha bangili taratibu.

"Umekua, mwanangu," akamwambia.

Najua kila mama kwetu humwita kila mtoto mwanangu. Lakini sauti ile sikuwahi kuisikia nyumbani. Nilikaa palepale nikiwauzia watu hereni bila kuwatazama, na moyo wangu ulikuwa umejaa wivu. Kumbe hakuuzwa kwa mganga. Doto yupo, anakula dagaa Runzewe, na anaitwa mwanangu kwa sauti nzuri kuliko mimi.

Nilichokuwa bado sina ni ushahidi. Sanduku la mama lilikuwa na kufuli, na ufunguo alikaa nao kwenye pindo la khanga. Lakini siku za mwizi arobaini, na za mama mwenye siri pia. Shangazi Minza, dada yake baba, alikuja kututembelea kutoka Samuye, ambako ndiko asili yetu, na katika hekaheka ya kumkaribisha mama alibadilisha khanga akaiacha kitandani. Wakiwa wamekwenda kisimani nikafungua sanduku. Chini ya vitenge kulikuwa na kopo la maziwa ya unga, na ndani ya kopo bangili kumi na moja. Ya chini kabisa ilikuwa ndogo, iliingia vidole vyangu vitatu tu. Zilizofuata zilikua kidogo kidogo, mpaka ya juu iliyopita mkononi mwangu na kulegea kidogo.

Na ile ya shanga za buluu na kifungo cheupe ilikuwamo.

Mtoto mwenye akili timamu angejiuliza: kama iko hapa, ile ya Runzewe ni ipi? Mimi sikujiuliza hivyo. Mtu akishashuku, kila ushahidi unakuwa wake. Nikaamua kwamba mama hutengeneza mbili, moja ya kuvaa kule, nyingine ya kuvaa siku Doto atakaporudi nyumbani. Na atarudi, maana vitu vyake vimeshaandaliwa, tena vya umri wote. Nikatazama kitanda changu kilichobanwa kati ya ukuta na gunia la mahindi. Doto akirudi, atalala wapi? Na mimi, mtoto wa kuwafuata mapacha, niliyevaa masalia ya shanga siku zote, nitakuwa wa nini tena? Niliogopa kweli. Nikaichukua ile ya kifungo cheupe, nikafunga kopo, nikafunga sanduku.

Kulwa alikuwa nyuma ya nyumba na fimbo yake ya kuchomea nyaya.

"Doto yuko Runzewe," nikamwambia. "Anauza dagaa. Mama anamjua."

Nilitarajia acheke, au akasirike kama mimi. Hakufanya lolote kati ya hayo. Fimbo ilishika moto mkononi mwake na hakuiona.

"Anafanana na mimi?" akauliza.

Sikuwa nimeutazama sana uso wa yule binti, nilitazama mkono. Lakini nilishaanza, na uongo ukishaanza haupendi kukaa njiani.

"Pua yenu ni moja," nikasema.

Akaichukua bangili, akaitia mfukoni mwa kaptura, akaniambia nisimwambie mtu. Kesho yake asubuhi lilikuja lori kuleta matimba, yale magogo ya kushikilia kuta za mashimo. Lilipokuwa linaondoka tupu kurudi Runzewe, nilimwona Kulwa akidandia nyuma. Alinipungia mkono akiwa anacheka. Sijawahi kumwona mtu amefurahi vile.

Mchana ugali uliiva, Kulwa hakuwepo. Mama aliita mara moja, mara mbili, kisha akazunguka nyumba. Akatuma kwa majirani. Saa tisa ilipofika baba alikuwa ameacha karasha na vijana kadhaa walikuwa wanamtafuta Kulwa. Mimi nilikuwa nimekaa na bakuli langu la shanga, natenganisha nyekundu na nyekundu. Kila dakika niliyonyamaza ilifanya dakika iliyofuata kuwa ngumu zaidi kusema.

Shangazi Minza akamshika mama mkono, akamvuta chumbani. Nikawafuata mpaka kwenye pazia.

"Fungua kopo," shangazi alisema.

Mama alifungua, akahesabu, akahesabu tena.

"Kumi," akasema. "Zilikuwa kumi na moja, wifi. Nilizihesabu Kulwa aliponunuliwa daftari."

"Mmempunja mwenzake. Mabasa hawapunjwi, unajua. Sasa kaja mwenyewe kuchukua kilicho chake, na huyu mwingine kaondoka naye."

"Sijampunja! Mungu ananiona, sijampunja hata siku moja!"

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba yule wanayemsema si msichana wa gauni la njano. Sikujua ni nani, lakini jinsi shangazi alivyotazama pembe ya chumba iliniingiza baridi. Sikupata muda wa kuwaza zaidi, maana kijana mmoja alikuja mbio. Wameona kandambili ya buluu ukingoni mwa duara la zamani.

Duara ni shimo la kuchimbia dhahabu, na lile lilikuwa limeachwa muda mrefu, matimba yake yameoza, kila mvua ikipiga linakula udongo wa pembeni. Ndiko Kulwa alikokuwa akiokota kandambili za mama. Tulipofika baba alikuwa ameshajifunga kamba kiunoni.

"Subiri, fundi, matimba mapya yapo, tuyashushe kwanza," mzee mmoja wa pale alimwambia. "Ukuta huo haushiki."

"Mwanangu atasubiri?" baba akasema.

Watu sita wakashika kamba. Baba akaweka mguu wa kwanza ndani, kisha wa pili, akazama mpaka kifuani. Udongo ukaanza kumwagika, tukausikia ukianguka chini kwa muda mrefu. Mama hakulia. Alikuwa ameishika ile kandambili kwa mikono yote miwili, naye alijua, kama nilivyojua mimi, kwamba ilikuwa kubwa kuliko mguu wa Kulwa na imekatika kamba, lakini mtu akiwa katika hofu hapimi.

"Baba, toka!" nikapiga kelele. "Toka! Kulwa hayumo! Kulwa yuko Runzewe!"

Wakamvuta. Watu wote wakanigeukia, na katika maisha yangu sijawahi kutazamwa vile tena. Nikasema yote. Lori la matimba, sanduku, bangili, dagaa, gauni la njano. Nikasema Kulwa amemfuata Doto kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia yuko kule.

Mama alinisogelea. Nilifumba macho nikisubiri kofi. Badala yake nikamsikia akisema, si kwangu tu, kwa watu wote waliokuwa pale:

"Doto alikufa. Alikufa Samuye, akiwa na miezi minne. Nilimbeba mwenyewe mgongoni kutoka zahanati mpaka nyumbani na nilijua njia nzima kwamba amekwisha."

"Usiseme, Mama Kulwa!" Shangazi alimziba mdomo kwa mkono. "Pacha hatajwi, hatangazwi! Kulwa yuko barabarani, unataka amfuate?"

Mama aliutoa ule mkono taratibu.

"Nimenyamaza miaka kumi, wifi. Leo kunyamaza nusura kumfukie baba yao."

Baba aliondoka kwa pikipiki ya bosi wa karasha, bado ana udongo kichwani. Sisi tulirudi nyumbani. Sikumbuki nani alisema nini. Nakumbuka kwamba shangazi alikaa mlangoni akiomba kwa Kisukuma na mama alikaa ukumbini bila kushika kazi, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Nami nilikuwa namtazama, nikiwaza kwamba Kulwa akigongwa na gari nitakuwa mimi niliyemwua, na safari hii hakuna mwingine wa kumshuku.

Jua lilikuwa halijazama waliporudi. Kulwa alinuka dagaa. Baba alimkuta kwa yule mama wa dagaa, amekaa juu ya gunia, amelishwa ugali, anawasaidia kufunga mzigo. Mama alimpapasa kichwa, mabega, magoti, kama anayekagua mbuzi wa mnadani. Kulwa alimwacha apapase, kisha akaja mpaka niliposimama.

"Anaitwa Rehema," akaniambia.

Hakusema neno lingine kwangu kwa siku nne.

"Na bangili?" mama alimuuliza.

"Nimempa."

"Baada ya kujua si yeye?"

"Nilikuwa nimeshamwambia ni yake," Kulwa alisema. Ndipo alipolia, na mama akamkalisha mapajani ingawa alikuwa mkubwa mno kwa mapaja. Ile siku alipata dada na kumpoteza kati ya saa mbili asubuhi na alasiri, na ni mimi niliyempa.

Hakuna aliyenichapa. Ningependa wangenichapa. Kesho yake mchana mama alitandika turubai, akatoa waya, shanga za buluu, kifungo cheupe kingine. Nilikuwa nimejibanza karibu na mlango.

"Shija, lete mkono."

Nikausogeza. Akazungusha uzi.

"Kwetu mapacha wakipewa, wanapewa wote," akasema bila kuinua macho. "Mmoja akiondoka hatumlilii, hatumtaji, ila fungu lake linabaki. Kulwa akipata kitu, Doto naye lazima apate, la sivyo huyu aliyebaki hana amani. Ndivyo tulivyoambiwa. Baba yako alisema tuweke hata kokoto tu. Mimi nikasema hapana, mwanangu ni msichana, nitamwekea bangili."

"Na Rehema?"

Kifungo kilimteleza vidoleni, akakiokota.

"Rehema ana umri wake. Nilitengeneza nyingine nikampa. Nilitaka nione angalau moja ikivaliwa."

Kwa hiyo sikuwa nimekosea kabisa, na hilo ndilo linalonitesa mpaka leo. Niliona vizuri alivyomshika yule binti mkono, nilisikia vizuri ile sauti. Nilichokosea ni kudhani kwamba upendo ule ulikuwa umeibiwa kwangu.

"Mbona unapima kwangu?" nikauliza.

"Nipime kwa nani? Mkono wake sinao." Akaongeza upana wa kidole kimoja kwenye uzi. "Wewe ndiye uliyemfuata. Nakupima wewe, halafu naongeza ile miaka miwili aliyokutangulia."

Tangu siku hiyo nilileta mkono bila kuuliza. Sitasema kwamba wivu uliisha, ningekuwa nawadanganya. Kulwa alipofaulu kwenda sekondari mama alitengeneza bangili ya mbegu nyekundu ambayo mpaka leo nikiitazama natamani ingekuwa yangu. Lakini nilikuwa najua inakokwenda, na kujua kulinisaidia kulala.

Mama alitutoka mwaka jana, msimu wa kupalilia pamba. Tulipogawana vitu vyake, Kulwa alininyooshea lile kopo. "Kaa nalo wewe," alisema. "Mkono ni wako." Nilipolifungua nyumbani nilizijaribu moja moja, kuanzia zile zilizogoma kupita. Ya mwisho mama aliitengeneza wakati Kulwa alipojenga nyumba, macho yake yakiwa yameshafifia, shanga zimepishana rangi. Ilipita kwenye kiganja changu na kukaa sawasawa. Hakuongeza ule upana wa kidole. Siku ile aliyonipima nilikuwa na haraka ya kuwahi basi, na sikuliona.

Sasa ile harufu ya juzi. Asubuhi hiyohiyo Kulwa alikuwa amenipigia simu kwa furaha kwamba amenunua pikipiki. Nilimpongeza, nikakata simu, nikarudi kwenye mchicha, na kuna kitu kilikuwa kinanisumbua ambacho sikukielewa mpaka moshi wa fundi ulipoingia. Baada ya kukagua kopo nikatoka nje nikamwomba fundi kipande cha waya.

"Wa nini, dada?" akauliza, akiivuta karibu ndoo yake ya shaba.

"Wa bangili."

Aliniangalia kama ninayeficha kitu, lakini akanikatia. Nikakaa ukumbini na plaizi ya mama, nikatoa kopo, nikazungusha uzi kwenye mkono wangu mwenyewe. Binti yangu, ambaye ana miaka minane, alikuwa amesimama mlangoni. Sijui alikuwa hapo tangu lini. Alitazama uzi, akatazama kopo, akanitazama mimi kwa jicho ninalolijua vizuri mno.

"Hiyo ni ya nani?" akauliza.

Nilihisi maneno ya mama yakija mdomoni, yale ya kwamba habari hizo haziulizwi na mtoto. Nikayameza.

"Ni ya mama yako mkubwa, Doto," nikasema, kwa sauti ileile ninayomwitia chakula. "Alikufa akiwa mchanga. Kaa hapa nikusimulie. Na wewe lete mkono, tutengeneze mbili."

Akakaa, akaleta mkono, lakini macho hakuyatoa kwenye kopo.